Ndege Huchorwa Kuanzia Mlangoni

Tarehe 1 Juni 2018 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika Uwanja wa Kinoru, mjini Meru. Uwanja huo ulikuwa umekarabatiwa kwa ajili ya michuano ya soka ya CHAN, ambayo Kenya ilipokonywa Septemba 2017 ikapelekwa Morocco. Basi nyasi zilizokusudiwa wanasoka zikapata gwaride. Kwa mtu anayefuatilia mambo ya ndege, siku hiyo ilikuwa na jambo jingine. Ilikuwa imetimia miaka 54 kamili tangu Jeshi la Wanahewa la Kenya liundwe, tarehe 1 Juni 1964, likianza na Chipmunk za kufundishia marubani na Beaver za kufanyia kazi.

Ya kutazamwa hapa ni Beaver. Si ndege ya kivita, wala si ile ya abiria wa tiketi na chai ya hewani. Ni ndege ya kazi: asubuhi inabeba mgonjwa, mchana saruji, jioni karani na sanduku lake la mishahara, na inatua mahali ambapo lazima kwanza mbuzi wafukuzwe. Ndege za namna hii zina hesabu yake katika kuchorwa, tofauti kabisa na hesabu ya Boeing. Na ni vigumu kupata pahali pa kuifanyia hesabu hiyo panapozidi miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru na Embu, maana huko karibu kila kinachomnyima mhandisi usingizi kimekusanyika: mwinuko, joto, mawingu, changarawe, na mzigo usiojua kusubiri.

Beaver ilizaliwa Downsview, kando ya mji wa Toronto nchini Kanada, mara baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kampuni ya de Havilland Canada haikuwaacha wahandisi wajifungie na rula zao. Punch Dickins, rubani mkongwe wa misituni ambaye sasa alikuwa akisimamia mauzo, aliwauliza marubani wenzake wa kaskazini wanataka ndege gani. Majibu hayakugusa urembo hata kidogo. Walitaka injini yenye nguvu, kisha nguvu zaidi. Walitaka ndege inayopaa na kutua pafupi, inayokubali magurudumu, skii au maboya ya kuelea ziwani. Walitaka milango pande zote mbili, kwa sababu gati la ziwani halimchagulii rubani upande wa kuegesha. Tena walitaka mlango unaoruhusu pipa la mafuta la lita 200 kuingizwa kwa kubingirishwa. Kasi haikuwashughulisha sana. Mpinzani wao huko barafuni alikuwa sleji inayovutwa na mbwa.

Ukiisogelea Beaver leo, pipa lile bado unaliona. Mlango ukishapewa upana wa pipa, mwili wa ndege hauna budi kufuata; mwili ukishajulikana, bawa nalo linajua litabeba nini. Hata oili ilifikiriwa kwa jicho la mtumiaji: mdomo wa kuijazia uliwekwa ndani ya chumba cha rubani, aweze kuiongeza huku ndege iko angani, bila kushuka na kupanda ngazi kwenye baridi inayokata masikio.

Kosa moja lilikaribia kuiponza. Ndege ilichorwa kwanza kwa ajili ya injini ya Kiingereza, Gipsy Queen, ambayo nguvu zake zilionekana hazitoshi. Wahandisi wakaibadilisha na kuweka Wasp Junior ya Pratt & Whitney, nguvu farasi 450, injini iliyobaki kwa wingi kwenye maghala baada ya vita. Tarehe 16 Agosti 1947 rubani Russ Bannock aliipaisha kwa mara ya kwanza. Hadi utengenezaji ulipokoma, miaka 20 baadaye, Beaver zaidi ya 1,600 zilikuwa zimetoka kiwandani, na chache kati yake zikaja kuwa miongoni mwa ndege za kwanza za jeshi la nchi changa ya Afrika Mashariki.

Sasa ilete ndege ya namna hiyo Meru.

Mji wa Meru uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inapita kusini yake kidogo tu. Saa saba mchana, jua likiwa kali na joto limefika nyuzi 26, hewa hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Bawa halisomi ramani. Linachojua ni uzito wa hewa inayolipitia, na kwa hesabu ya uzito huo, mchana wa Meru ni sawa na kuwa mita 2,300 hivi juu ya bahari. Injini ya pistoni isiyo na turbo inakuwa imepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Papo hapo bawa linadai kasi kubwa zaidi, kama asilimia 12, ndipo liinue mzigo uleule. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, hiyo asilimia 12 inageuka robo nzima ya nishati ya ziada, inayodaiwa kwa injini ambayo tayari imechoka. Ndege inayoruka kwa mita 400 pale Manda, Lamu, kando ya bahari, inaweza kuhitaji karibu mara mbili ya hizo hapa juu. Rubani wa Pwani anayekuja nyanda za juu kwa mara ya kwanza hulijua hili kwa kuona miti ya mwisho wa kiwanja ikimkaribia upesi kuliko alivyozoea.

Mchoraji ana njia chache za kujibu. Ya kwanza ni bawa pana. Ukigawa uzito wa juu kabisa wa Beaver, kilo 2,313, kwa eneo la bawa lake, mita za mraba 23.2, unapata kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Fanya vivyo hivyo kwa Islander ya Uingereza, kilo 2,994 kwa mita za mraba 30.2, nayo inakupa kilo 99. Viwanda viwili, nchi mbili, miaka 18 kati yao, na jibu lilelile. Cessna Caravan inakwenda kilo 140 kwa mita, kwa hiyo ililazimika kupata nafuu mahali pengine: flapu zake, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kupaa na kutua, zinachukua zaidi ya asilimia 70 ya ukingo wa nyuma wa bawa. Flapu kubwa hivyo hazikuacha nafasi ya kutosha kwa vipande vya kuinamisha ndege kushoto na kulia, ikabidi viongezwe vibao vidogo juu ya bawa kusaidia kazi hiyo. Ndivyo ubunifu wa ndege ulivyo: ukipunguza deni huku, linaibuka kule.

Bawa lenyewe karibu kila mara huwa juu ya mwili, si chini. Huko juu halikwaruzwi na vichaka wala kupigwa na mawe yanayorushwa na matairi, abiria wanaona ardhi, na wapakiaji wanafanya kazi kivulini mwake. Gharama yake ni ngazi ya kujazia mafuta. Hakuna fundi wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, aliyewahi kulalamikia hilo kwa dhati.

Changarawe ina mambo yake. Propela ikizungushwa kwa nguvu ndege ikiwa imesimama, huvuta vijiwe kutoka chini, na kijiwe kimoja kinatosha kuacha pengo kwenye ukingo wa mbele wa propela hiyo. Marubani wa viwanja vya vijijini wana mtindo wao: hawasimami mwanzoni mwa njia na kukanyaga breki huku injini ikinguruma, bali wanaongeza nguvu polepole ndege ikiwa tayari inatembea, mawe yabaki nyuma. Hata hivyo, jioni fundi atapitisha kidole juu ya ukingo wa propela, polepole kutoka kitovuni hadi nchani, akitafuta mkwaruzo. Akiupata anautia tupa, anausawazisha mpaka mkunjo wake mkali uishe, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona kali. Mhandisi mwenye busara anamsaidia kabla: anarefusha miguu ya ndege ili ncha za propela zipite mbali na ardhi, na anaweka matairi manene yenye upepo kidogo.

Islander iliyotajwa hapo juu ina ukoo wa Kiafrika, jambo ambalo halisemwi mara nyingi. John Britten na Desmond Norman, vijana wawili wa kisiwa cha Wight, walikuwa na hisa katika kampuni ya Cameroon Air Transport, na huko Kameruni ndiko walikoona pengo: njia fupi, viwanja vibovu, abiria wenye mizigo, na hakuna ndege mpya ya bei nafuu ya kuwahudumia. Wakachora yao. Walichotupa ni cha kushangaza zaidi kuliko walichoongeza. Waliondoa ujia wa katikati. Viti vinakaa wawili wawili, ukuta hadi ukuta, na abiria wanaingia kwa milango ya ubavuni kama ya gari. Bila ujia, mwili unakuwa mwembamba. Ukiwa mwembamba unakata upepo vizuri na unakuwa mwepesi. Magurudumu hayakunjwi. Hakuna kitu kinachoingia na kutoka kwa mitambo ikiwa kinaweza kukaa pale kilipo.

Ndege ya majaribio iliruka tarehe 13 Juni 1965, na siku nne baadaye ikawa iko kwenye maonyesho ya Paris. Haraka hiyo ilikuwa ya kibiashara, si ya kihandisi, kwa maana majaribio yenyewe yalikuwa yameonyesha, au yangeonyesha punde, kwamba injini zake mbili za nguvu farasi 210 hazitoshi na bawa lilikuwa fupi. Bawa likaongezwa zaidi ya mita moja, injini zikabadilishwa kwa Lycoming za nguvu farasi 260. Hapa ndipo maana ya ndege ya majaribio inapoonekana. Haijengwi ili kuthibitisha kwamba mchoraji alipatia. Inajengwa ili ionyeshe alipokosea kabla wateja hawajaonyesha wao. Beaver na Islander zote mbili zilikosea upande mmoja: nguvu.

Dawa ya kudumu ya tatizo la nguvu ilitoka tena Kanada, injini ndogo ya turbini iitwayo PT6. Ni nyepesi mno kwa nguvu inazotoa. Hewa huingia upande wa nyuma na kusafiri kuelekea mbele, mpango unaoonekana kinyume lakini unaoruhusu mlango wa hewa uwekewe kizuizi cha kuchuja vumbi na mawe: hewa inapigishwa kona kali, vumbi zito linashindwa kupinda na kutupwa nje. Na kikubwa kuliko yote kwa Afrika Mashariki, PT6 hunywa mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa na yanapatikana kwa urahisi zaidi kuliko petroli maalumu ya ndege za pistoni. Petroli hiyo ukienda nayo kaskazini, mara nyingi unaibeba kwa mapipa, na pipa la mafuta ya kurudia nyumbani linakula nafasi ya pipa la mteja.

Twin Otter, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1965, ilikuwa na PT6 mbili. Watalii waliowahi kusafiri na Airkenya kutoka Wilson kwenda mbugani wanaifahamu. Caravan, iliyoruka tarehe 9 Desemba 1982, iliweka moja tu, na hapo ndipo mjadala ulipowaka. Injini moja kwa abiria tisa? Jibu la Cessna lilikuwa la kihasibu: turbini moja ya kuaminika, nusu ya gharama ya matengenezo. Wanaoshikilia injini mbili wana hoja nzuri katika nchi tambarare. Huku kwetu juu hoja yao inalegea. Ndege nyingi ndogo zenye injini mbili za pistoni, zikiwa zimejaa na injini moja ikazimika, haziwezi kupanda katika hewa ya Meru ya mchana. Injini iliyobaki inachelewesha kushuka tu, na kwa nchi yenye mabonde na mashamba ya chai, kuchelewa si lazima kuwe wokovu.

Mteja aliyeibadilisha Caravan hakuwa rubani wa porini. Alikuwa msafirishaji wa vifurushi, Federal Express. Yeye aliomba mwili urefushwe, ukarefushwa kwa zaidi ya mita moja, na chini ya tumbo likaning'inizwa sanduku la mizigo. Caravan ndefu inayowapeleka watu wa Afrika Mashariki mbugani, kambini na kwenye mikutano ya hadhara ilipata umbo lake kwa ajili ya bahasha na vifurushi vya Wamarekani.

Meru ina mzigo wake. Miraa inachumwa Igembe na Tigania, kwenye miteremko ya Nyambene, kutoka miti ambayo mingine ilipandwa na mababu. Inafungwa vibunda, inavikwa majani ya mgomba yatunze unyevu, inatiwa kwenye magunia. Kuanzia hapo ni mbio. Kemikali inayoipa miraa thamani, kathinoni, huanza kupungua tangu tawi linapokatwa, na baada ya kama saa 48 mnunuzi anakuwa anatafuna majani tu. Ndiyo maana gari aina ya Hilux hutoka Maua na kushuka kama limefukuzwa, karibu kilomita 300 hadi Nairobi, na madereva wengine wote hulipisha. Pale Wilson linakutana na ndege ambayo viti vimeshang'olewa.

Kung'oa viti nako kulichorwa na mtu. Sakafu ya ndege ya kazi ina reli ndefu zenye matundu. Kiti kinashikwa humo kwa pini, kinatoka kwa dakika chache, na matundu yaleyale yanashika wavu wa kufungia mizigo au machela ya mgonjwa. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalomwokoa mwenye ndege soko linapopinduka. Na soko la miraa hupinduka kwelikweli. Uingereza ilipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Somalia ilifunga mlango Machi 2020, ikaufungua tena Julai 2022. Katika miaka hiyo miwili, ndege inayojua kazi moja ingekaa Wilson ikiota kutu na riba ya benki.

Swali la mchoraji kuhusu mzigo kama huu ni moja: unajaza kwanza au unalemea kwanza? Pipa la mafuta linalemea. Ndege inafika kikomo cha uzito huku nusu ya sakafu iko wazi. Majani yaliyofungwa magunia ni mepesi kwa ukubwa wake, yanaelekea kujaza. Kwa mzigo unaojaza, unataka mwili mpana wenye pande zilizonyooka, kama kasha, hata kama upepo utalalamika. Kisha kuna kizingiti. Kikiwa juu ya kitanda cha Hilux kwa nusu mita, kila gunia linainuliwa na watu wawili. Vikilingana, mtu mmoja anasukuma. Mpakiaji wa Wilson angeweza kumweleza mhandisi jambo hili kwa sentensi moja, kama marubani wa Kanada walivyomweleza Dickins habari za pipa.

Madaktari warukao walijifunza somo hilohilo kwa machela. Shirika lililokuja kuitwa AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyejiunga nalo baadaye, alijifunza kurusha ndege akiwa na umri wa miaka 40 na ushei, kisha akazunguka kaskazini ya Kenya kwa miongo mitatu kwa ndege ndogo za Piper, zenye bawa la chini. Kumwingiza mgonjwa aliyelala kwenye ndege ndogo ya namna hiyo ni kazi ya kumpinda mtu aliyevunjika. Ndege za PC-12 za Uswisi ambazo AMREF inazitumia leo, aina iliyoruka mara ya kwanza tarehe 31 Mei 1991, zina mlango wa nyuma wa mita 1.35 kwa 1.32. Machela inaingia ikiwa imenyooka.

Yapo mambo ambayo kalamu ya mchoraji haiyafikii. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi kutoka Afrika Kusini iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, wote 14 wakafa. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Wanahewa aina ya Y-12, ndege ya kazi iliyochorwa Harbin nchini China, iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, akiwemo Bonaya Godana na wabunge wengine waliokuwa safarini kutafuta amani. Na tarehe 5 Juni 2018, siku nne tu baada ya gwaride la Kinoru, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare ikiwa na watu 10. Hakuna aliyepona. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya hupokea mvua kubwa zaidi, na mawingu hupanda kutoka mabondeni kabla ya saa sita. Mchoraji anaweza kutoa kioo kipana, ndege inayopanda kwa kasi, na nafasi kwenye dashibodi ya chombo kinachoonya kwamba ardhi inakaribia. Uamuzi wa kugeuza ndege unabaki kwa aliyeshika usukani.

Kabla ya kufika huko kote, ndege lazima ithibitishe kwamba haivunjiki. Kanuni za kawaida za ndege nyepesi zinadai bawa libebe hadi karibu mara 3.8 ya uzito wa ndege bila kupinda kwa kudumu, kisha liongezewe nusu tena, na chini ya mzigo huo wa mwisho livumilie sekunde 3. Namna ya zamani ya kupima, ambayo wajenzi wadogo bado wanaitumia, ni mifuko ya mchanga. Ndege inageuzwa chali, kwa sababu angani upepo unainua bawa kwenda juu, na chali mchanga unalivuta upande uleule. Mifuko inapangwa kwa mkono, mingi karibu na shina la bawa na michache nchani, kwa kufuata mchoro wa namna hewa inavyosukuma. Kila baada ya safu watu wanarudi nyuma na kupima ncha imeshuka kiasi gani. Ribiti huanza kulia. Bati la alumini hujikunja mawimbi ya mshazari, jambo ambalo kwa asiyejua linatisha na kwa mhandisi ni la kawaida, mradi mawimbi yatoweke mchanga ukiondolewa. Halafu mtu anaanza kuhesabu sekunde.

Majaribio ya angani ni hatari zaidi. Ndege inapaswa kupunguzwa kasi hadi bawa liachie hewa, na rubani aone inaanguka kwa adabu au kwa hasira. Inaingizwa kwa makusudi kwenye mzunguko, ikiteremka huku inazunguka kama pia, kuthibitisha kwamba inaweza kutolewa humo. Airvan ya Australia, ndege ya kazi ya viti vinane, iliruka mara ya kwanza tarehe 3 Machi 1995. Februari mwaka uliofuata ndege hiyo ya majaribio ikaanguka katika majaribio ya mzunguko. Kampuni ilijenga ya pili na kuendelea. Cheti cha kuiuza kikapatikana mwaka 2000. Kwa kampuni ndogo, miaka mitano ya kulipa mishahara bila kuuza ndege hata moja ni mtihani mkubwa kuliko ule wa mchanga.

Gharama hizo ndizo zinazowatenganisha wabunifu wa Kenya na anga, kuliko akili au bidii. Mtaalamu mmoja wa kompyuta wa upande wa Nyeri aliandikwa na vyombo vya habari vya dunia kwa kujenga ndege uani kwake, akitumia injini ya gari na maarifa aliyoyakusanya kwenye intaneti. Watu walicheka, jambo lisilo la haki. Tatizo lake lilikuwa la hesabu ambayo hata viwanda vikubwa vimeikosea. Injini ya gari ni nzito kwa kila nguvu farasi inayotoa, na hutoa nguvu zake ikizunguka mara 5,000 na zaidi kwa dakika, wakati propela inafanya kazi vizuri kwa karibu nusu ya hapo. Ikizidi sana, ncha zake zinakaribia kasi ya sauti na kubaki kupiga kelele. Injini ya Rotax 912 ya Austria, yenye nguvu farasi 100, inalitatua hilo kwa giaboksi: mizunguko 5,800 inagawanywa kwa 2.43 kabla ya kufika kwenye propela. Na uzito wake ni wa kilo 60 hivi.

Rotax ndiyo injini ya Skyleader, ndege ya viti viwili yenye asili ya Cheki ambayo kampuni ya Airplanes Africa Limited inaiunganisha Morogoro, Tanzania. Wapo wanaoidharau kazi hiyo wakisema kuunganisha si kubuni. Wanakosea. Fundi aliyepiga ribiti za bawa zima anajua kwa vidole vyake kwa nini ubavu huu umekaa hapa na si pale, na huwezi kumpata mchoraji mzuri katika nchi isiyo na mafundi wa namna hiyo. Lakini Skyleader 600 ina kikomo chake: kilo 600, ndege, mafuta na watu wote pamoja. Haitabeba magunia ya miraa.

Itakayobeba ingepaswa kuanza na karatasi isiyo na mchoro wowote, yenye tarakimu tu. Tani moja ya mzigo. Mita 700 za changarawe katika hewa ya mita 2,300. Mafuta ya jeti. Magurudumu yasiyokunjwa, bawa juu, mwili wa pembe nne, mlango wa upana wa machela, kizingiti cha kimo cha Hilux. Uwanja wa Isiolo, uliozinduliwa mwaka 2017 mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru, una njia ya kilomita 1.4, ndege za shehena kubwa huiona fupi, ilhali kwa hii ingebaki nusu nzima. Kitu cha kwanza kutolewa sadaka kingekuwa kasi. Kutoka Isiolo hadi Mogadishu ni kama kilomita 875 kwa njia ya angani. Caravan ikienda kilomita 340 kwa saa inatumia muda wa saa mbili na nusu hivi. Ndege nene, yenye bawa pana na mwendo wa kilomita 280, ingechelewa kama dakika 35. Kwa jani lenye uhai wa saa 48, hizo ni dakika ambazo mteja hatazionja.